Maneno ya Kuomba Njia

4 Februari

Baba Chiriku,

Mwanao sasa hivi amemziba mwanasesere masikio kwa viganja vyake, akanigeukia na kuninong'oneza nipunguze sauti, eti Mgeni akisikia tunaongea lugha asiyoijua atadhani tunamsengenya. Nimemwomba radhi Mgeni. Ikabidi nimwombe kwa lugha ya huko kwenu, na Chiriku amesimama mikono kiunoni akinisikiliza kama mkaguzi.

Ngoja nikueleze, maana najua hapo umeshakunja uso. Mgeni ni mwanasesere wa kitambaa niliyemshona kwa mabaki ya fundi. Siku nilipommaliza nilimwambia Chiriku kwamba huyu ametoka kule aliko baba na hajui hata neno moja la kwetu, kwa hiyo anayetaka kuongea naye ajifunze lugha yake. Nilisema tu ili mtoto atulie kidogo nimalizie pindo za watu. Kumbe nimejifunga mwenyewe. Ameshika hapo hapo. Asubuhi tunamwambia Mgeni hiki ni kikombe, hiki ni kijiko, hii ni sindano usiguse. Jana Chiriku akataka Mgeni aelezwe kwa nini bomba halitoi maji. Nilihangaika na kile kitabu cha picha cha kujifunzia lugha mpaka jasho likanitoka, nikaishia kumwambia maji yamekwenda kazini. Ameridhika, maana baba yake naye amekwenda kazini.

Mchana tunafungua duka la vifungo. Yeye muuzaji, mimi na Mgeni wateja. Hupati kifungo mpaka utaje rangi yake na ukubwa wake, useme na tafadhali. Rangi zote nimezijua hivyo, huku mkono unashona. Redio tunaifungua saa ya utabiri wa hali ya hewa wa huko, kwa sababu kila siku ni maneno yale yale, mvua, upepo, mawingu, na ukishayazoea unajiona msomi. Jumatano nakwenda karata kwa Bibi Nesi, yule jirani wa nyumba ya kona, si unajua aliuguza wagonjwa huko miaka yake ya usichana. Sharti lake ni kwamba karata unaiomba kwa lugha ile, na ukikosea unapoteza zamu. Hana huruma yule bibi. Ananifunga huku anajipaka rangi ya kucha.

Mimi shule unajua niliachia wapi. Sikuwahi kudhani kujifunza kunaweza kumchekesha mtu.

Sasa mambo mawili. La kwanza, nitumie maneno ya kweli, yale mnayoambiana kila siku. Kitabu hiki kinanifundisha kuuliza njia ya kwenda makumbusho, na mimi sina shida na makumbusho. La pili ni chumba. Ofisi ya uhamiaji imerudia kusema mimi na mtoto hatupati ruhusa ya kuja mpaka mwenye nyumba wako akubali kukukodisha na kile chumba cha pili, na akubali kukaa na mtoto. Umeshamwambia? Kila barua unasema bado.

Mkeo,
Mama Chiriku


23 Februari

Mama Chiriku,

Barua imefika. Nafurahi mnacheza. Ila mwambie huyo Mgeni kwamba aliko baba hakuna muda wa kusema tafadhali kwa ajili ya kifungo. Tunafua mashuka ya mahospitali, mashine zinanguruma toka tunaingia, na maneno yanakuwa mafupi. Mimi lugha hii nimejifunza kwa macho na masikio. Msimamizi akisema kitu naangalia wenzangu wanafanya nini, naelewa. Sijafungua kitabu hata siku moja.

Nyuma ya karatasi nimekuandikia ya kuanzia, kama yanavyosikika. La juu kabisa ni la kuomba njia. Ukilisema mtu anapisha hapo hapo. Linalofuata ni la kumpokea mtu mzigo, ukilisema anakupa furushi lake. Kuna la kumwita mtu usiyemjua jina, kuna la kumwambia mtu kazi yake umeiona, na la mwisho ni la kuagana jioni. Ukiyashika hayo umefika.

Chumba bado. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, anakaa chini peke yake, mimi juu. Ni mtu wa kununa. Natafuta siku nzuri.

Msalimie mwanangu.

Baba Chiriku


15 Machi

Baba Chiriku,

Maneno yako tumeyapokea kama nguo mpya. Nimeyabandika ukutani juu ya cherehani na nayasema nikitembeza mguu, mpaka yameingia kwenye mwendo wa mashine. Chiriku anayapenda kuliko ya kitabuni, anasema haya yana nguvu. Mgeni ameombwa njia wiki nzima, amechoka. Fundi alipokuja kuchukua suruali mtoto alimpokea mzigo kwa lugha ya baba yake, na fundi akasema, "Huyu atakuwa balozi." Nilijisikia raha siwezi kukuficha. Niliona kama umo humu ndani.

Jumatano Bibi Nesi alikuwa na wageni, hatukucheza. Jumatano hii namtolea yote, moja baada ya jingine. Safari hii atanikoma.

Dada yako alipita jana. Alikuta niko kwenye duka la vifungo nanunua cha bluu, akakaa akatutazama. Akaniambia, "Wifi, unajifunza lugha ya watu uende wapi? Hicho chumba chenyewe kipo?"

Nikamwambia kipo.

"Kipo, au kina mtu?"

Nikacheka. Alipoondoka sikucheka. Nakuuliza mara moja tu na sitarudia. Kama hutaki tuje, niambie, nitaendelea na pindo zangu na mtoto atakua. Kama unataka tuje, mwambie huyo mama kuhusu chumba. Kununa kwake hakumzuii kukujibu.

Mama Chiriku


19 Machi

Baba Chiriku,

Nakuandikia kabla hujajibu ile ya juzi. Sina jambo kubwa. Nilitaka tu kujua hili la kuomba njia ulilisikia kwa nani, na aliambiwa nani. Na lile la mzigo, umewahi kumwambia mtu yeyote nje ya kiwanda?

Bibi Nesi amenipa mengine yanayofanya kazi ile ile. Nimeyaandika hapa chini kwa herufi kubwa. Anasema huko wanayatumia sana wanawake, ila mwanaume akiyasema si vibaya. Yajaribu.

Chiriku ana mafua kidogo, anamfuta Mgeni pua. Hali nyingine zote nzuri.

Mama Chiriku


9 Aprili

Mama Chiriku,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Moja inanihoji kama askari, nyingine inanihoji kama hakimu.

Chumba hakina mtu. Mwambie dada yangu aje alale humo aone baridi yake. Nataka mje. Sikudhani hilo ni la kuandikwa.

Unauliza nimelisikia kwa nani. Kwa msimamizi, nani mwingine? Anatuambia sisi wote wa mashine ya kukamua, kutwa nzima. Hayo ya Bibi Nesi nimeyaona. Ni marefu. Hapa mpaka uyamalize shuka limeshanaswa na mashine.

Na lile la mzigo, ndiyo, nimelitumia nje, mara moja. Sikutaka kukuandikia habari hii. Nilimkuta mwenye nyumba anapanda ngazi za nje za kuingilia na kapu la sokoni, na mguu wake mmoja haukunjiki vizuri. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku nzuri, hapa ndipo pa kuanzia habari ya chumba. Nikamkimbilia, nikatabasamu, nikamwambia lile la mzigo. Alipobaki ananikodolea macho nikamwongezea la kuomba njia, ili nitangulie nikamfungulie mlango. Alilikumbatia kapu lake kama ameona mwizi. Akaingia, akafunga komeo. Tangu siku hiyo akisikia hatua zangu anazima redio yake na kukaa kimya mpaka nipite.

Ndiyo ujue watu wa huku. Nimetaka kumsaidia, tena kwa lugha yake. Chumba tukisahau mwaka huu. Ninyi endeleeni kucheza.

Baba Chiriku


28 Aprili

Baba Chiriku,

Barua hii nimeichana mara nyingi, na Chiriku ameokota vipande akaviuza dukani kwake. Hii ya sasa naituma hivyo ilivyo.

Ile Jumatano nilikwenda kwa Bibi Nesi nimejiandaa. Nikasubiri zamu yangu, nikamwambia lile la kuomba njia, kwa sauti nzuri kabisa, kwa sababu nilitaka apitishe karata. Akaweka karata zake zote mezani, uso juu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Nani kakufundisha hilo?"

"Mume wangu, bibi."

"Mumeo anafanya kazi na nani?"

"Na watu."

Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, hilo haambiwi mtu. Hilo anaambiwa mbwa aliyelala mlangoni."

Akaniambia nimpe yaliyobaki. Nikampa yote. Lile la mzigo anaambiwa mtoto aliyeshikwa na kitu cha wizi mkononi. La kumwita mtu usiyemjua jina alikataa kunifasiria. La kuagana aliniambia tu kwamba huko si kuagana, akainuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Hatukumaliza mchezo.

Sikukuambia, kwa sababu sikujua unajua au hujui. Kama unajua, niliwaza, mbona umenitumia? Kama hujui, mimi ni nani wa kukuvunja moyo na wewe uko peke yako huko. Kwa hiyo nikakudanganya kwamba ni maneno ya wanawake. Uliponiandikia habari ya kapu nikaona kunyamaza kwangu nako kunatufungia mlango.

Masikio yako ni mazuri. Bibi Nesi mwenyewe amesema umeyaandika kama alivyokuwa akiyasikia barabarani. Ulimsikia mtu mmoja tu, basi. Kinachoniuma mimi ni kwamba muda wote huo hakuna mtu huko aliyewahi kukuomba njia vizuri, ndiyo maana hukulijua lile jingine.

Huyo mama hajanuna. Anakuogopa. Mtu mzima, mguu mbovu, yuko peke yake kwenye ngazi, kijana anamkimbilia na kumwambia maneno hayo huku anatabasamu. Kutabasamu ndiko kulikoharibu zaidi.

Sasa na wewe utacheza. Usicheke. Tafuta duka lenye vifungo. Nenda ukanunue kimoja, kimoja tu. Taja rangi, taja ukubwa, sema tafadhali. Siku nyingine rudi ununue cha rangi nyingine. Muuzaji atadhani una kichaa kidogo lakini atakujibu, na atakujibu kama anavyojibiwa mteja, na hayo ndiyo maneno ninayotaka uyasikie. Rangi zote ziko nyuma ya karatasi. Huyo mama akifungua redio yake usipite mbio. Simama kwenye ngazi kidogo, sikiliza.

Chini kabisa nimekuandikia la kumwomba msamaha. Ni refu. Bibi Nesi alitaka kulifupisha nikakataa. Liseme lote.

Habari za kiwandani sina la kukushauri. Ningekuwa hapo ningekushika mkono tu.

Maneno yako nimeyatoa ukutani. Chiriku aliuliza, nikamwambia Mgeni ameshayajua, anataka mapya.

Mkeo,
Mama Chiriku


2 Juni

Mama Chiriku,

Barua yako nimekaa nayo. Nilikasirika, nisikufiche. Nilianza kukukasirikia wewe, kisha nikamgeukia Bibi Nesi na karata zake. Nikasema wanawake wawili wamekaa mezani huko mbali wananifundisha lugha ya mahali ninapoishi mimi.

Kesho yake msimamizi akaniambia lile la kuomba njia, na kwa mara ya kwanza nikalisikia. Zamani lilikuwa kama kengele, linalia na mimi nasogea. Nilisogea na siku hiyo pia. Nakuandikia ili usije ukadhani nilifanya ushujaa.

Jioni nikaenda dukani. Kuna duka la nyuzi na vifungo karibu na kituo, nimelipita siku zote bila kuliona. Nikanunua cheupe, ndiyo rangi niliyokuwa na uhakika nayo. Muuzaji ni mzee mwenye miwani mnyororoni. Niliporudi kwa ajili ya cha kijani alinirekebisha matamshi, taratibu, kama anamwekea mtu kola sawa. Niliporudi tena akaniuliza nashona nini. Nikamwambia mimi sishoni, mke wangu ndiye anayeshona. Akauliza anashona nguo gani. Nikamwambia suruali, na mwanasesere. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya kwanza tangu nifike nchi hii, na yalikuwa habari zako.

Sasa nina vifungo vya kutosha koti ambalo sina.

Kwa mwenye nyumba niligonga Jumapili. Akafungua kidogo, mnyororo wa mlango ukiwa umefungwa. Nikasema lile refu. Nikakwama katikati, nikarudi mwanzo, nikaanza tena. Hakufunga. Nilipomaliza akaniuliza yale ya siku ya kapu nilifundishwa na nani. Nikamwambia kiwandani. Na haya? Nikamwambia mke wangu. Akafunga mlango. Nikasema basi, nikageuka. Kumbe alikuwa anatoa mnyororo.

Hakutabasamu na wala hakunikaribisha kiti. Nilimweleza habari ya chumba nikiwa nimesimama. Akasema hivi, kama nilivyomwelewa. Kwamba mimi mchana niko kazini. Watakaokuwa naye nyumbani ni wewe na mtoto. Hataki kuishi na watu ambao hawezi kuwaambia kwamba ngazi zina utelezi. Anataka kukusikia mwenyewe, kwa masikio yake. Mkielewana, chumba ni chenu. Msipoelewana, nisimwulize tena. Nimempa namba ya Bibi Nesi. Atapiga Jumamosi tarehe 21, asubuhi.

Siwezi kukusaidia katika hili. Ningejaribu kukuandikia maneno, lakini nimeona tayari maneno yangu yanafanya nini.

Nimeomba kuhamishiwa upande wa kukunja mashuka, ambako msimamizi ni mwingine. Hawajanijibu. Niliomba vizuri.

Mumeo,
Baba Chiriku


21 Juni

Baba Chiriku,

Nakuandikia kwenye meza ya jikoni kwa Bibi Nesi, maana nikisubiri nifike nyumbani nitaanza kupamba.

Simu ilipolia Bibi Nesi aliinyanyua, akasema neno moja, akanipa, akatoka nje. Nilimwomba abaki. Akasema, "Anakutaka wewe," akafunga mlango wa ukumbini. Chiriku alikaa chini ya meza ameshika pindo la gauni langu.

Kwanza sikuelewa kitu. Sauti yake ni nyembamba na inakwenda mbio. Nikamwambia, mama, naomba polepole, mimi bado najifunza. Kisha akaanza tena, neno na pumziko, neno na pumziko, kama mtu anayeshuka ngazi mguu ukimuuma. Hapo nikaanza kumwona.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia mtoto, na jirani, na redio. Akaniuliza kama mume wangu ni mtu mkali. Nikamwambia hapana, maneno alipewa na watu wakali. Hilo sikuwa nimelijifunza popote, nililiunga mwenyewe papo hapo, na sijui kama nililiunga sawa. Akasema "eeh" ya kwao.

Halafu akauliza, "Mtoto wako ana kelele?"

Hapo ndipo nilipotaka kufa. Neno la hapana nalijua, ni la kwanza kabisa kulijua. Lakini Chiriku alikuwa chini ya meza anamwimbia Mgeni, na hata mtu aliye upande wa pili wa dunia angemsikia. Nikasema, "Ndiyo, mama. Anaongea toka anaamka mpaka analala."

Nikajua nimekiua chumba. Nikafikiria uso wako. Nikafikiria nitakavyokuandikia.

Akasema, "Anaongea nini?"

Nikamwambia anaongea na mwanasesere, kwa lugha yako, mama, kwa sababu mwanasesere hajui ya kwetu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kukawa na sauti fulani kwenye simu, sikujua ni kikohozi au ni nini, mpaka ilipoendelea ndipo nikajua anacheka, na anacheka kama mtu ambaye hajacheka muda mrefu, kwa kukwama kwama.

Kisha akarudi kuwa mkali. Akasema ngazi zina utelezi. Nikamwambia nimeelewa, nitamshika mtoto mkono. Akasema dirisha la chumba halifungi vizuri. Nikamwambia nimeelewa, halifungi. Akasema hataki viatu vya matope ndani. Nikamwambia na mimi sivitaki. Akasema, "Njooni kabla ya baridi."

Nikamwomba arudie. Nilikuwa nimemwelewa vizuri sana. Nilitaka tu kulisikia tena. Akarudia, polepole, kila neno peke yake, akaaga kwa lile la kuagana la kweli, nikamjibu kwa lile lile.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda ofisini kuwaambia chumba kipo. Wewe kaa naye, muulize kama atawaandikia watu wa ofisi yeye mwenyewe au itatosha

Bibi Nesi ananiita toka ukumbini, anasema niache kalamu nije haraka, simu imelia tena na ni yule mama, eti tulikuwa hatujamaliza, anataka kujua mwanasesere anaitwa nani na kama